Taa za Gari la Stoimen

Benchi letu hapa kijijini Gorna Lipa liko mbele ya kibanda cha kahawa, mkabala na ukuta wa matangazo ya misiba. Jumatano ile asubuhi gari la Stoimen lilisimama mbele yetu, boneti juu, taa za mbele zimekufa zote mbili. Saa saba mkewe Zlatina alitakiwa mjini, kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumatatu alikuwa amekosa, miguu imeshaanza kumvimba. Na njia yenyewe ni korongo tupu, mahandaki manne ya giza, malori yanakuja kwa kasi.

STOIMEN: Balbu nimeweka mpya, jamani. Haziwaki.

JENERALI (alikuwa mpishi jeshini, cheo tulimpa sisi): Betri hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu.

MIMI: Mbona injini inawaka vizuri tu?

JENERALI: Basi panya. Wanakula waya siku hizi kuliko jibini.

STOIMEN: Nimeangalia. Hakuna panya.

JENERALI: Basi ni padri! Siku ya Mtakatifu Georgi ulimfungulia boneti abariki mpaka injini. Akachovya shada zima la mrehani, akanyunyiza maji ya baraka mpaka chapachapa. Yameingia kwenye soketi.

WAYA (alikuwa fundi wa nguzo za simu, ndiyo jina likamkaa): We mzee, unasingizia maji ya baraka?

JENERALI: Maji yakimwagika hayazoleki.

Waya hakucheka. Alichukua kibalbu chake cha kupimia, akagusa kwenye fyuzi: umeme upo. Akagusa kwenye soketi ya taa: hakuna. Akaingia chini ya usukani, akatoka na swichi iliyoyeyuka, waya zake zimegandana kama nta.

WAYA: Stoimen, fyuzi umeifunga nini hii?

STOIMEN: Karatasi ile ya kung'aa. Ya pakiti ya sigara.

WAYA: Fyuzi kazi yake kuungua. Umeikataza, ndiyo maana umeungua waya wote. Hii ni ya gereji, siku mbili.

STOIMEN: Si mlinifundisha ninyi? Hapa hapa?

Jenerali alikoroga kahawa isiyo na sukari. Ujanja ule tulikuwa nao sote kwenye magari yetu, na tulikuwa tukijisifia.

Zlatina akaja na mkoba wake wa hospitali, anatembea polepole.

ZLATINA: Habari za saa hizi, shemeji zangu. Gari la nani lina taa?

Magari yetu matatu yalikuwa kando ya barabara, taa zote nzima. Lakini ukimpeleka leo, Ijumaa atakungoja, na Jumatatu, na hakuna ajuaye mpaka lini. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mimi nilitazama viatu vyangu, na aibu niliyoiona siku ile ninayo mpaka leo.

Zlatina alitutazama mmoja mmoja. Kisha akafungua mlango wa gari lao, akaketi, akafunga mkanda.

ZLATINA: Twende hivyo hivyo, Stoimen.

Stoimen akashusha boneti taratibu. Hata hapo hakuna aliyeinuka.