Tata Omer Kalumba, Bingwa wa Kubadilisha Dawa

Tarehe 30 Juni 2003 baba yetu, Tata Omer Kalumba, anavua koti lake jeupe, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika hospitali yetu ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi hapa Kolwezi. Aliingia Februari 1970 kama msaidizi wa kufunga vidonda. Anatoka akiwa muuguzi mkuu wa chumba cha presha na moyo. Katika muda huo amehudhuria mikutano ya asubuhi isiyo na idadi na kusinzia katika mingi. Sentensi hiyo imepitishwa na mkewe, Mama Huguette.

Wagonjwa wake hawakujua majina ya vidonge kwa Kifaransa, wala yeye hakuwasumbua nayo. Kila dawa aliipa jina la usumbufu wake. Kulikuwa na Ile ya Mkojo, Ile ya Kukohoa, Ile ya Usingizi, na moja ambayo wanaume waliitaja wakitazama dari. Mwanamume aliyeona aibu kueleza kwamba jogoo hapandi mtungi hakulazimika kusema neno: Tata Omer alichora jogoo mdogo kwenye rejista, mgonjwa akaitikia kwa kichwa, na daktari akaelewa kwamba dawa ibadilishwe. Mwaka 1986 mkaguzi kutoka Lubumbashi aliuliza kwa nini hospitali inafuga kuku wengi hivi.

Mmoja wa wenye jogoo alikuwa Mukendi, fundi wa mitambo, mzaliwa wa Kasai aliyekuwa ameishi Kolwezi tangu ujana wake. Moyo wake ulikuwa unaruka mapigo, na presha ilikuwa juu. Mwishoni mwa 1992 mkewe, Tshiela, alikuja mwenyewe chumbani, akafunga mlango.

"Tata, tangu dawa ile, muzee analala sawa jiwe. Mi niliolewa na mutu, sikuolewa na jiwe."

Kabla daktari hajaamua lolote, Mukendi aliacha vidonge kwa siri, vyote kwa mara moja. Siku ya tatu tulimpokea amebebwa, moyo ukienda mbio, midomo imepauka. Alipona, akapata hotuba ya Tata Omer ambayo mimi niliisikia hadi kwenye dirisha la famasi: dawa ya moyo haiachwi kama sigara, unashuka nayo ngazi moja moja. Daktari akaandika mpango: ya zamani ipunguzwe robo kwa robo kwa wiki nne, mpya ziingie taratibu, na mapigo yahesabiwe kila siku bila kukosa. Vidonge vyenyewe tuliviokota huku na huku, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeanguka na rafu zangu zilibaki na vumbi.

Mpango ulipofika wiki ya pili, mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mjini, wakiambiwa Katanga si kwao. Walitolewa katika nyumba zao, wakasukumwa hadi stesheni kungoja treni isiyo na ratiba. Walilala chini ya maturubai, maelfu, na surua ikaingia kati ya watoto. Hapa hatuna mzaha. Tulizika wengi, na baadhi yetu tuliokuwa na ndimi ndefu siku nyingine tulikaa kimya.

Mukendi na Tshiela walikuwa pale, wamekalia mizigo yao. Tata Omer aliweka kipimo cha presha ndani ya mfuko, akaondoka kwa miguu. Yeye ni wa Kaskazini mwa Katanga, na jirani yake alimuuliza kama hana haya kuwatibu "wale". Alijibu kwamba ameitazama rejista yote na hakuona moyo ulioandikwa jimbo.

Njia ya stesheni ilikuwa na kizuizi cha wale waliowafukuza. Mkubwa wake tutamwita Chef, kwa kuwa yu hai na bado ni mgonjwa wetu. Kazi yake ilikuwa kufungua mizigo ya wanaofukuzwa na kubakiza kilichompendeza: redio, sufuria, vyerehani. Siku ya kwanza aliukamata mfuko wa Tata Omer.

"Uko nabeba nini mule?"

"Kitu cha kupima damu. Lete mukono."

"Mi niko muzima sawa ng'ombe!"

"Ng'ombe pia hupimwa. Lete."

Wenzake wakacheka, Chef akanyoosha mkono ili asionekane mwoga. Tata Omer alipampu, akasikiliza, akarudia upande wa pili, akaacha kutabasamu. Presha ilikuwa ishirini na moja juu ya kumi na mbili, yaani mia mbili na kumi juu ya mia moja na ishirini.

"Muzee," Tata Omer alimwambia kwa sauti ya chini, "wale unaofukuza wanaweza kukuzika wewe."

Jioni hiyo hiyo Chef alikuwa mbele ya daktari wetu, kofia mkononi. Daktari alimwandikia Ile ya Mkojo, na ilikuwa dawa sahihi. Kitabu chochote kitakubali. Saa ya kuimeza ndiyo Tata Omer aliichagua mwenyewe: saa mbili asubuhi, bila kuchelewa.

Kufikia saa tatu Chef alikuwa kwenye majani marefu nyuma ya ukuta. Alirudi, akafunga mkanda, akaenda tena. Naye, kwa kuogopa wenzake wasimtangulie kuiba, alikuwa ameamuru kwamba hakuna mzigo utakaofunguliwa yeye asipokuwepo. Basi wenzake walisimama mikono nyuma, na mikokoteni ikapita. Siku ya nne kila mtu mjini alijua kwamba mizigo hupelekwa stesheni kati ya saa tatu na saa tano. Cherehani ya Tshiela, ambayo ilikuwa imefichwa kwa shemeji yake, ilipita hivyo, imefunikwa kitenge, mchana kweupe.

Chef alikuja kumlalamikia muuguzi wake.

"Tata infirmier, unibadilishie dawa. Mi nachunga barrière ao nachunga majani?"

"Kichwa kinauma? Kizunguzungu?"

"Apana. Mukojo tu."

"Basi vumilia wiki mbili, mwili utazoea."

Nalo lilikuwa kweli. Ila mimi niliyefanya naye kazi miaka yote sijapata kumsikia akimkatalia mgonjwa kubadilishiwa dawa kwa uchangamfu kama ule.

Kila asubuhi alimhesabia Mukendi mapigo kwa dakika nzima, akakata kidonge kwa wembe, akamwachia Tshiela kipande cha siku hiyo. Robo ya mwisho iliisha siku ya Jumanne. Alhamisi treni ikaja. Mukendi alitoa mkono dirishani mwa behewa, Tata Omer akaushika, akaanza kuhesabu, na treni ikaanza kwenda.

"Acha, Tata, utaanguka!"

"Nyamaza, unanivurugia hesabu!"

Alikimbia na behewa hadi mwisho wa jukwaa. Sabini na sita. Alirudi hospitali, akaiandika, akakaa na kalamu mkononi hadi tukafunga famasi.

Kesho yake alimwombea Chef dawa nyingine. Alipewa Ile ya Kukohoa, akakohoa miezi minne, akabadilishiwa tena. Leo ana kumi na tatu juu ya nane na tabia yenye nafuu kidogo.

Wagonjwa arobaini na mmoja wa rejista yake waliondoka mwaka ule, kila mmoja na karatasi ya dawa zake kwa mwandiko wa Tata Omer. Walioandika barua ni tisa. Mwaka 1995 ilifika ya Tshiela, kutoka Mwene-Ditu, mkononi mwa dereva wa lori. Mukendi yu hai, anatengeneza vinu vya kusagia mahindi. Yeye Tshiela ana mimba ya miezi saba, na anaomba Tata Omer asijisifu mno.

Alijisifu wiki nzima.

Sasa anakwenda Mutshatsha kulima mihogo, na Mama Huguette. Kwa kuwa Mungu ana ucheshi, mwaka jana alipatikana na presha yeye mwenyewe, akalalamikia dawa tatu mfululizo, zaidi kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia.

Tata Omer, tunakushukuru kwa mikono uliyoishika na kwa vicheko. Kula vizuri, lala mchana bila kujificha, uishi miaka mingi ya kutusumbua. Ukirudi kutaka dawa nyingine, utapanga foleni kama watu wote.

Rachelle, dirisha la famasi