Tiketi ya Moja kwa Moja

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Ni mimi dada yako. Natumia simu ya kazini.

FUNDI: Ah. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Mama yuko wapi?

FUNDI: Tuko naye hapa uwanja wa ndege. Nimemkalisha kwenye benchi, mimi nimesogea mlangoni maana ndani kelele tupu. Habari za huko?

DADA: Habari utanipa wewe. Niko chumba cha pasi hapa hotelini, mashuka yananingoja, na nimefungua picha ya tiketi uliyonitumia. Nimeisoma mara mbili, nikadhani macho yangu.

FUNDI: Ina nini?

DADA: Ndege tatu, Fundi. Nilikwambia moja kwa moja.

FUNDI: Ile ya moja kwa moja bei yake, dada—

DADA: Mama hapandi ngazi za kwako bila kushika ukuta, halafu wewe unamuunganishia ndege tatu?

FUNDI: Nisikilize basi. Inayoruka hapa ikatua kwako ni ya kampuni moja tu. Wanajua huna pengine pa kwenda, wanapanga bei wanavyojisikia. Hizi za kuunganisha ziko nyingi, zinagombania abiria, ndiyo maana zinashuka. Hela uliyotuma ilitosha hizo tu.

DADA: Na ile inayotua njiani bila mtu kubadilisha ndege? Mwenzangu hapa alimleta mama yake kwa hiyo. Ikatua, ikapakia wengine, bibi wa watu kakaa kitini kwake. Na haikuwa ghali kama ile nyingine.

FUNDI: Hiyo haiji kila siku. Ilijaa.

DADA: Uliuliza?

FUNDI: Nili— niliuliza.

DADA: Nasikia unavyojibu. (mtandao unakwaruza) Haloo?

FUNDI: Nipo. Nimemuombea kiti cha magurudumu, kila kiwanja atasukumwa mpaka mlango wa ndege.

DADA: Na ya kwanza ikichelewa, ikamuacha ya pili?

FUNDI: Tiketi ni moja, si tatu za kuungaunga. Wakimchelewesha wao, watampakia wao. Sijawa mjinga kiasi hicho.

DADA: Haya, mwerevu wangu. Ya kurudi iko wapi?

FUNDI: Ya kurudi?

DADA: Picha ina ukurasa mmoja. Nitumie wa pili.

FUNDI: Haupo.

DADA: Haupo vipi?

FUNDI: Si ulisema moja kwa moja? Ujumbe wako wa sauti ninao. "Mkatie mama moja kwa moja."

DADA: Moja kwa moja, isiyotua njiani.

FUNDI: Huku mtu akiondoka moja kwa moja, ndiyo ameondoka. Harudi.

DADA: Kwa hiyo kwenda umemzungusha, na kurudi umekufuta. Neno moja, umelikosea pande zote mbili.

FUNDI: Usinitukane, dada.

DADA: Bado sijaanza. Kwenda tu ilipungua kiasi gani kuliko kwenda na kurudi? Nami nasafiri, nazijua. Kwenda tu wanakukamua karibu sawasawa.

FUNDI: Tofauti ni ndogo.

DADA: Ndogo. Basi si bei. Umemchoka mama, unanitupia.

FUNDI: Na wewe je? Wewe wa salamu na mashuka ya hoteli. Akikohoa, nani anaamka?

DADA: Unaamka chumba gani? Analala wapi mama siku hizi?

FUNDI: Hilo linaingiaje—

DADA: Analala wapi, Fundi?

FUNDI: Sebuleni. Kwa muda tu.

DADA: Na chumba chake?

FUNDI: Wifi yako kafungua saluni. Ndicho pekee chenye mlango wa barabarani, dada, friji ninazotengeneza peke yake hazitulishi—

DADA: Chumba alichojengewa na baba, nyinyi mnakaushia watu nywele.

FUNDI: Tulimuuliza. Hakusema kitu.

DADA: Mama lini amesema kitu? Na wewe kwa raha zako ukaona amekubali.

FUNDI: Si hivyo, dada—

DADA: Sasa sikia. Nenda dirishani waongeze ya kurudi, miezi mitatu. Nitalipa.

FUNDI: Ukiikata peke yake leo, ni ghali kuliko—

DADA: Nimesema nitalipa. Nina vyumba viwili hapa, na watoto, na mume niliyemuahidi miezi mitatu. Sina pa kumuweka mama maisha yake yote. Ndio ukweli wenyewe, sina.

FUNDI: Dada.

DADA: Nini?

FUNDI: Mimi neno sikulikosea.

DADA: Unasemaje? Unakatikakatika.

FUNDI: Nasema nilijua unataka isiyotua. Na nilikwenda kukata kwenda na kurudi. Nilikwenda naye mwenyewe. Msichana wa dirishani akamuuliza, "Mama, ni kwenda na kurudi, au moja kwa moja?"

DADA: Hakumsikia. Masikio ya mama unayajua.

FUNDI: Msichana akarudia kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Mama akasema, "Moja kwa moja, mwanangu. Huku sina pa kurudi." Mimi nimesimama nyuma yake, nimeshika mkoba wake. Upo?

DADA: Mbona hukuniambia?

FUNDI: Ningeanzaje? Nikaona bora uniite mjinga.

DADA: Mpe simu.

FUNDI: Ngoja niingie ndani. (kelele) Mama, ni dada. Hataki kuishika. Anasema mtaongea huko huko. Anauliza kama pana pa kulala. Dada, wa kiti cha magurudumu amekuja. Nimwambie nini?

DADA: Mwambie papo.

FUNDI: Lakini si umesema—

DADA: Mwambie papo, na usiongeze neno lako hapo.

FUNDI: Mama, papo. Kasema papo. (kelele) Haya, wanamsukuma.

DADA: Umemuaga?

FUNDI: Nimemwambia tutaonana.

DADA: Akasemaje?

FUNDI: Kasema, "Haya."

DADA: Basi?

FUNDI: Basi. Hakugeuka. Dada, naliona dirisha la tiketi kutoka hapa, hakuna foleni. Nikate ile ya kurudi?

DADA: Arudi wapi, Fundi?

FUNDI: Dada, mimi—

DADA: Msimamizi anakuja, hii simu ya watu. Nakata.