Kicheko cha Nyuma ya Mlango wa Jiko

Mchungaji, wazee wa Ibaba, na ninyi mliotoka Tunduma kwenye mvua hii, mimi ni Ombeni, mdogo wake marehemu ninayemfuata kuzaliwa, na wanandugu wamenituma niwasomee maisha ya dada yetu Ikupa, mke wa Hezron, ingawa wangetafuta mtu asiyelia hovyo wangefanya vizuri zaidi.

Dada Ikupa alizaliwa hapa Ibaba, wilaya ya Ileje, tarehe 3 Mei 1961, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, ambako alichapwa mara nyingi kwa kosa moja tu, kucheka, maana kicheko kikimshika hakuwa na breki, alijikunja, akapiga mapaja, akamalizia na mluzi mwembamba ambao mama yetu alisema ni wa shangazi zetu.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu Hezron, wakajaliwa watoto wawili, Lusubilo na Loisi, na mwaka 1989, biashara ilipofunguka mpakani, walihamia Tunduma, akafungua mgahawa wa kulisha madereva wa malori, na wali wake ukajulikana mpaka Nakonde, ng'ambo ya Zambia.

Agosti 2005 walikuja vijana kutengeneza ile sinema ya vichekesho ya Krismasi mnayoijua nyote, wakaomba nyumba yake iwe ndiyo nyumba ya ile familia, naye akawa mpishi wao, na yaliyotokea nayasema kama alivyotusimulia kila mwaka mpaka watoto wakimwomba anyamaze waone picha. Ile mvua ya Krismasi ni Hezron, yuko juu ya ngazi anamwaga ndoo za maji kwenye bati la paa, maana Agosti Tunduma ni vumbi tupu, mti wa Krismasi ni tawi la mpaini la hapa Ibaba, na mbuzi wa sikukuu ni wa jirani yao Mzee Ramadhan, aliyekaa pembeni kutwa nzima kuhakikisha kuchinja kunabaki kuwa maigizo.

Na yule baba wa kwenye sinema anapoanguka na gunia la mchele hakuwa anaigiza, aliteleza kweli, na Dada, aliyekuwa nyuma ya mlango wa jiko amejifunga kitenge mdomoni kwa kuwa walimwonya asitoe sauti, akashindwa. Mwongozaji alifoka, lakini maji yalikuwa yamekwisha na mchele umeshaingia tope, wasingeweza kurudia, basi kicheko kikabaki, na ndicho kinachowachekesha ninyi mpaka leo. Wapo wanawake waliodai ni chao, mmoja akatembea na mumewe kama shahidi, naye Dada hakugombana na mtu, alicheka tu mbele yao, ubishi ukaisha.

Februari 2013 alianza kukauka koo, mwenyewe akasema ni moshi wa jikoni, na tulipofika hospitali ya rufaa Mbeya mwezi Julai ilikuwa saratani, akafanyiwa upasuaji uliookoa pumzi na kuondoa sauti. Wabishi wakarudi, naye hakuwa tena na kicheko cha kuwajibu.

Krismasi ya mwaka huo tuliketi kwake, sinema ikawekwa, ilipofika kwenye gunia Dada akajikunja, akapiga mapaja, mdomo wazi, mabega yanatikisika, kimya, na sauti yake ileile ikatoka kwenye televisheni, mpaka na mluzi wake, shemeji Hezron akainuka akatoka nje, na tuliobaki hatukujua tumtazame nani.

Alifariki Ijumaa, tarehe 19 Desemba 2014, alfajiri, nyumbani kwake, mikononi mwa Hezron.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mama lishe wenzake waliofunga migahawa yao ili wawe hapa. Tunamshukuru pia Habibu, mwenye banda la video, ambaye kwa heshima ya msiba ametangaza kwamba Alhamisi, siku ya Krismasi, hataonyesha ile sinema, lakini Habibu, familia imekaa, na Hezron mwenyewe ndiye anayekuomba, ionyeshe, na ufungulie sauti mpaka mwisho, maana tumepekua nyumba nzima, sauti yake hatunayo mahali pengine popote.

Pumzika kwa amani, Dada, Alhamisi tutakusikia.