Fundi wa Eksirei na Wanasesere Wawili wa Udongo

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kitinda mimba wa mshona viatu. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya njia, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1972.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya makumbusho. Huko walikuwapo wanasesere wawili wa udongo, waliotoka katika kaburi la kale la mtoto. Walizibwa pande zote, na ukiwatikisa walilia kwa ndani kama kayamba. Kiherehere cha ujana kikampanda, akamkata mmoja kwa msumeno. Vijidonge vya udongo vikamwagika mezani, vingine vikasagika mkononi mwake. Hakuambulia kitu.

Mwaka 1979 alimwoa muuguzi, ambaye ndiye aliyempa jina la Taratibu. "Huyu hata tikiti maji halikati bila kulibishia hodi," alizoea kusema.

Mashine ya eksirei ilipofika mwaka 1994, mkuu wa makumbusho alitaka mwanasesere wa pili akatwe pia. Marehemu akasimama mbele ya kabati. "Huyu hakatwi, bosi. Tumpige picha." Picha zikaonyesha kila kidonge kina alama ya kidole cha mtoto, na vidole havikulingana. Marehemu aliamini kwamba ndugu wa yule mtoto wa kaburini walifinyanga kila mmoja cha kwake, wakamfungia mwenzao sauti zao. Alirudi nyumbani akalia. "Nimewanyamazisha watoto wa watu," alimwambia mkewe.

Tangu hapo aliomba kiwekwe kibao chini ya yule aliyekatwa, kiseme nani alimkata na kwa nini haifai kurudiwa. Makumbusho ilikubali. Sisi wa nyumbani ndio tuliokataa. "Baba, utatuchafulia jina," tulimwambia.

Aliugua tumbo tangu mwaka 2019. Hospitalini aliwatania madaktari, "Picha kwanza, msumeno baadaye." Alipozidiwa alimwuliza binti yake kama kibao kimewekwa. "Kimewekwa, baba," binti akajibu, ili mzee apate usingizi. Alishukuru sana. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, akiamini hivyo.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili na wajukuu watano. Kibao hakijawekwa. Jumatatu ijayo sisi wanawe tutakipeleka makumbusho wenyewe.

Pumzika kwa amani, baba, na utusamehe.