Mfalme Alikufa, Mwanangu Akarudi

Mheshimiwa Antifemo, uliyewagharimia waimbaji wetu, mheshimiwa kuhani wa Dioniso, mungu wetu wa divai na michezo, waamuzi wa mashindano, ambao mpaka leo nawaogopa, ndugu waigizaji, na nyinyi wanawake wenzangu wa safu za nyuma: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa nimuage mwanangu Filagro, anayekwenda kuigiza Athene kwenye sikukuu kubwa. Mimi sikusoma wala sijazoea kuhutubia, ila divai ya Mheshimiwa imenishika mkono.

Nani kati yenu hakumwona juzi jukwaani Mfalme Halimedo, aliyeigizwa na mwanangu? Adui aliingia kwa lango la kisimani, mji ukaungua, naye akaapa kwamba aliyeliacha lango wazi atatupwa baharini. Kumbe ni yeye mwenyewe, alimfungulia ombaomba siku ya baridi akasahau komeo. Wazee wakamnong'oneza, "Bwana, nyamaza tu, nani atajua?" Akajibu, "Mimi najua." Akavua taji, akashuka baharini bila kushikwa na mtu. Jamani, ni ukubwa gani huo usiohitaji askari wa kuusukuma?

Nililia mpaka shuka ikalowa. Sikuwahi kuona mchezo maishani, lakini sauti ile nyuma ya kinyago naijua tangu ilipokuwa ikidai maziwa. Mara akatoka mjumbe, na kinyago kingine, kutangaza kwamba mfalme amekufa maji. Sauti ni ileile! Kumbe waigizaji ni watatu tu, wanagawana watu wote wa mchezo. Mimi ningejuaje? Nikapaza sauti kule safu za nyuma, asinione mtu ila jirani yangu: "Mwongo, hajafa, si ni wewe!"

Uwanja mzima ukacheka katikati ya msiba. Mwanangu akangoja, hakutikisika, kisha akakisimulia kile kifo polepole, mpaka waliocheka wakalia.

Mchezo ulipokwisha, mwamuzi mkuu akauliza nani aliyevuruga. Akasema kundi lenye mtu huyo litaondolewa mashindanoni. Macho yote yakawageukia wapinzani wetu wa ng'ambo ya mlima, maana nani mwingine angetaka kutuharibia? Jirani yangu Mirine akanifinya.

"Nyamaza, Kleobula. Wakitolewa wao, taji ni la Filagro."

"Na wakionewa?"

"Nani atajua?"

Mirine, shoga yangu, ungechagua maneno mengine pengine ningekaa. Lakini maneno ya mfalme yalikuwa hayajakauka masikioni mwangu. Nikasimama, huku nikijua namvua mwanangu taji kwa mikono yangu, nikasema, "Ni mimi. Mama yake."

Mwamuzi akanitazama sana. "Mwanao ni yupi, mama? Mfalme au mjumbe?"

"Wote wawili, mheshimiwa. Na yule malkia pia."

Basi walivyocheka, hata wapinzani, na ni hao hao wa ng'ambo waliokuwa wa kwanza kuomba tusiondolewe. Tukashinda: taji la majani ndilo hilo kichwani mwake, na mbuzi wa zawadi ndiye huyo mnayemla.

Filagro, mwanangu, nitakuja Athene. Mirine atakaa kando yangu na kitambaa cha kuniziba mdomo. Kufa vizuri, baba, kama ulivyokufa hapa. Ila ukishakufa, nakuomba, usichelewe kutoka na kinyago kingine.

Nawashukuru nyote mlionivumilia, leo na juzi.