Esnah Nyamoita, Aliyempa Binti Yake Jina la Mama Mkwe

Esnah Nyamoita Anyona alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 karibu na Marani, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Masese na marehemu Mama Mokeira. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, Osoro, kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo. "Aliyenisumbua zaidi ndiye anisome," alisema, na mnavyomjua, amri ya Esnah haikuwa na rufaa.

Alisoma huko Marani mpaka darasa la saba, mwaka wa 1976. Alifaulu vizuri, ila ikawa zamu ya kaka zake kuendelea. Hilo alilisamehe, kusahau hakusahau.

Tarehe 20 Desemba 1983 aliolewa na Sylvanus Anyona, mkulima wa chai wa hapa Kebirigo. Miaka ikapita bila mtoto. Watu walisema mengi, na Osoro naye hakubaki nyuma.

Mwaka wa 1990 aliajiriwa kuwa mpishi katika makao ya watoto mjini Kisii. Huko, mwaka wa 2008, aliletwa binti wa miaka miwili ambaye miguu yake ilikataa kusimama. Wageni waliotaka kuasili watoto walikuja, wakachukua wale wanaokimbia. Yule alibaki jikoni na Esnah, wakichambua maharagwe pamoja. Siku wageni walipompita mara ya nne, Esnah alivua aproni, akaingia ofisini. "Huyu ana mama," akasema. "Nipeni fomu."

Loo, safari ya karatasi ikaanza! Maafisa wa watoto walikuja wakakagua nyumba, jiko, hata choo. Sylvanus alipaka kuta chokaa mara mbili. Mahakama ilitoa amri ya kuasili tarehe 9 Juni 2011, na siku hiyo hiyo Esnah akamwita binti yake Nyanchoka.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na Nyanchoka alikuwa mama mzazi wa Sylvanus na Osoro. Osoro alikuja mbio.

"Unampa mama yangu miguu isiyotembea?"

"Mama yako alikufa akitembelea fimbo mbili, shemeji. Umesahau?"

Osoro aliondoka na hasira zake. Miaka kumi na mitatu hakulitamka jina lile. Alisema tu, "yule wa makao."

Esnah hakuyumba. Alimbeba Nyanchoka mgongoni akichuma chai, na wakitoka kituo cha kupimia majani alimrudisha nyumbani ndani ya kikapu kitupu. Karani alimtania siku moja, "Mama, na huyu tumpime?" Esnah akamjibu, "Huyo hapimwi, wewe."

Sylvanus alifariki mwaka wa 2014. Mwaka wa 2023 Esnah akapatikana na saratani ya koo. Kifo hakikumtisha. Alichoogopa ni kwamba akifa, ukoo ungemrudisha Nyanchoka alikotoka, kana kwamba alikuwa ameazimwa tu. Amri ya mahakama aliifungia ndani ya mkebe, akalala nayo kitanda kimoja.

Novemba 2024 aliuita ukoo mchana, mkebe mapajani. Osoro alifika, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Nyanchoka, sasa binti wa miaka kumi na minane anayefuma sweta za shule pale sokoni, akainua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Osoro, ingia ukae. Chai inapoa."

Mungu wangu! Mzee mzima kuitwa jina tupu na mtoto! Watu walishika midomo. Lakini mama mzazi wa Osoro alimwita hivyo hivyo maisha yake yote, na mwenye jina la mama ni mama. Osoro hajui alifikaje kitini.

"Nimesikia, Mama," akasema, akalia mbele ya watu bila aibu yoyote.

Esnah hakuufungua mkebe. "Haya. Sasa ndiyo nimepumua," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Osoro alikuwa nje akikoroga saruji ya kijia cha kiti cha magurudumu. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameambiwa na marehemu kwamba amekijenga kimepinda.

Ameacha binti mmoja, Nyanchoka Anyona. Dada yake, Mokeira. Kaka yake, Ochoki. Na shemeji yake, Osoro, anayeomba msamaha mbele yenu nyote.

Udongo wa kwanza ni wa mtoto wa marehemu. Tupisheni kiti kipite.

Twende, Mama.

Na wewe, Esnah, pumzika kwa amani. Nyanchoka haendi popote.