Aliyejiita Rafiki

Benchi la Yakub muuza kahawa liko nyuma ya msikiti, Migori mjini, ubavuni mwa duka la magodoro, na mguu mmoja wa benchi hilo ni tofali. Ukipita saa nne asubuhi, birika la kahawa bado linafuka, utawakuta wenyewe. Kuna Obare, ambaye miaka kumi ya kuandikia watu hati za kiapo nje ya korti imempa jina la Wakili. Kuna Oyaro, fundi wa madishi ya televisheni, anayeitwa Satelaiti kwa kuwa kila jambo kwake huanzia angani. Na kuna Omanga, fundi wa kompyuta. Huyo wanamwita Dawa, maana ndiye huua virusi kwenye mashine za watu. Jumanne hiyo Dawa alikuwa ameketi pembeni, kahawa imempoa mkononi.

Wakili alikuwa na picha kwa simu.

— Someni hii. Imetumwa na sista Irine, muuguzi wa ile zahanati ya njia ya Ogwedhi. Jana asubuhi amefungua friji ya chanjo, amekuta joto. Chanjo zote zimeharibika.

— Stima ilipotea, Yakub akasema.

— Stima ilikuwako. Hizi friji za siku hizi ziko na kompyuta ndogo mlangoni, zinaongea na ofisi kwa intaneti. Mtu ameingia humo akiwa mbali, friji ikazima, halafu akaacha barua kwa kioo. Sikizeni: "Paswadi yako ni ile ya kiwandani. Tafadhali ibadilishe. Ni mimi, Rafiki."

Omanga hakuhitaji kuangalia. Maneno yale aliyaandika mwenyewe, na ile "tafadhali" aliiongeza mwisho, asije akamkwaza mtu. Alikuwa amechoka kuzunguka maofisini akiwaambia watu wabadilishe paswadi, wakimcheka. Basi akatengeneza programu ya kuzunguka badala yake: ibishe hodi kwa kila mtambo wa hapa karibu, ukifunguka iache ujumbe, iuzime na kuuwasha upya ili ujumbe utokee, iende zake. Ijumaa mchana akaiwasha, akapanda gari kwenda Homa Bay kwa harusi ya binamu yake. Mitambo mingine yote iliamka. Friji ya Irine ikabaki ikingoja mtu abonyeze kitufe, na Jumamosi na Jumapili hapakuwa na mtu. Aliporudi Jumapili jioni aliisimamisha programu, akalala akijisifu.

— Huyo ni adui wa chanjo, Satelaiti akasema. Anajiita rafiki ili tumfungulie. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo ni ya kukaribisha mgeni, omera, ndugu yangu, Wakili akasema.

— Si ndiyo alivyokaribishwa? Lakini ngoja. Kwa nini friji ya huko shambani? Wanajaribu. Leo friji moja, kesho friji zote za Nyanza, kesho kutwa samaki wa Mfangano wanaoza na sisi tunanunua wa kigeni.

— Nani wanajaribu? Yakub akauliza.

— Hakuna nani. Hapo ndipo mnapokosea. Ni programu yenyewe imepata akili. Imezaliwa huko juu, ikajipa jina.

Omanga alishusha pumzi. Kwa dakika nzima wazo lile lilimkaa vizuri. Alikuwa Homa Bay akicheza harusini. Mkono wake haukugusa friji ya mtu. Ni ile programu ndiyo ilibisha, ikaingia, ikazima. Kisha akakumbuka kwamba ni yeye aliyeandika mstari ule wa programu wa kuzima na kuwasha, akajiuliza kama kila mtambo utaamka, akajijibu kwamba utaamka, bila kujaribu hata mmoja.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini? Wakili akauliza.

— Rafiki ni mimi. Nilitaka watu wafunge milango yao.

Yakub aliacha kumimina. Wakili aligeuza simu kifudifudi juu ya goti, kana kwamba picha ingeweza kusikia.

— Dawa, usirudie hayo maneno, alisema polepole. Lisemwalo lipo. Kwa hivyo usiseme, na halitakuwapo.

— Lakini nimefanya.

— Sheria inauliza nia. Nikijaribu kitasa chako nione kama umefunga, mimi ni mwizi? Tena wewe ulikuwa Homa Bay, friji iko njia ya Ogwedhi. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Wa kushtakiwa ni fundi wa kiwandani aliyeweka paswadi ya moja mbili tatu nne.

— Na huyo sista aliyeiacha, Satelaiti akaongeza. Wewe tupa hiyo laptopu mto Kuja. Kama satelaiti haikukuona, hukuwako.

— Kwetu tunafundishwa matendo ni kwa nia, Yakub akasema. Lakini ukifungua zizi la jirani uone kama komeo ni imara, na ng'ombe wakatoka, utamwambia nini? Kwamba komeo lilikuwa bovu?

— Nitamwambia ndiyo, lilikuwa bovu, Wakili akajibu. Na anishukuru.

Kila walipomtetea, Omanga alizidi kuona hawamzungumzii yeye.

Wakati huo Hibo, mke wa mwenye duka la magodoro, mgeni mjini ambaye hajamaliza hata mwezi, alikuwa amesimama kando ya birika. Alileta chupa ya kujaziwa kahawa ya wageni. Mtoto alikuwa amelala begani mwake. Yakub alimjazia, lakini Hibo hakuondoka.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Hao watoto waliopelekwa jana kuchanjwa, wamechanjiwa wapi?

Wakili alifungua simu, akapekua chini ya picha, akarudi juu. Satelaiti aliangalia angani. Yakub aliushika mfuniko wa birika, akaurudisha palepale.

— Kwani jana ilikuwa siku ya chanjo? Omanga akauliza.

Akamgeukia Wakili.

— Wakili, nipe namba ya sista.

— Ukipiga umekwisha.

— Nipe.

Iliita mara tatu. Omanga alijitaja jina lake kamili, kazi yake na mtaa wake. Akasema friji aliizima yeye, si kwa kutaka, lakini ni yeye. Kisha akauliza habari za watoto.

— Watoto thelathini na mmoja, Irine alisema. Nimewarudisha wote. Mengine utaeleza wakubwa wangu, nitawapa jina lako. Chanjo mpya zinafika Alhamisi na lazima nijulishe kila mama. Kumi na wanane hawana simu. Wako huko milimani, hakuna barabara. Wewe unajua kutembea?

— Najua, Omanga akasema, akasimama.